Kizuizi, Jini na Simu: Mafunzo ya Usanifu kutoka Michezo Mitatu ya Video Yenye Kasoro, kwa Mtazamo wa Bisie

Uhakiki wetu wa Kiswahili una mazoea ya kuchagua kazi iliyofaulu na kueleza sababu za kufaulu kwake. Kazi iliyoanguka hutajwa kwa sentensi moja, kisha huachwa. Makala haya yanafuata njia iliyo kinyume. Tunachukua michezo mitatu ya video inayohusu Afrika, yote ikiwa na kasoro zinazojulikana, na kuiuliza ina nini cha kumfunza mtu ambaye angependa kusanifu mchezo juu ya Bisie, mgodi wa kasiteriti uliomo msituni katika eneo la Walikale, Kivu ya Kaskazini. Michezo yenyewe ni Far Cry 2 ya kampuni ya Ubisoft (2008), Resident Evil 5 ya kampuni ya Capcom ya Japani (2009), na Phone Story ya kikundi cha Kiitalia kiitwacho Molleindustria (2011).

Huenda msomaji akauliza jarida la Kiswahili lina haja gani na mambo haya. Tuna majibu mawili. Kwanza, mmojawapo wa michezo hii umekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mazimwi, nasi hatujalijadili jambo hilo ipasavyo. Pili, Bisie ya wachimbaji wa mikono haipo tena. Tangu mwaka 2019 bati la mlima huo huzalishwa na kampuni ya Alphamin kwa mitambo. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000. Mwezi Machi 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale mjini, kazi ilisimamishwa, ikaanza tena mwezi uliofuata. Ile Bisie ya kabla ya mitambo, yenye mashimo, wapagazi na vizuizi, imebaki katika ripoti zilizoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa na katika vinywa vya waliokuwako. Ripoti hueleza nani alimtoza nani. Hazielezi vyema jinsi mtu alivyofanya hesabu yake asubuhi kabla ya kuinua mzigo, na hiyo ndiyo kazi ambayo mchezo ungeweza kuifanya kuliko utanzu mwingine wowote.

Kanuni

Katika madarasa yetu tunagawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha tunasisitiza kwamba viwili hivyo havitengani. Mgawanyo huo hautoshi kwa mchezo. Picha, sauti, wahusika na lugha tunaweza kuviita fani. Ukoloni, vita au uchoyo tunaweza kuviita maudhui. Lakini lile linaloruhusiwa na lile linalokatazwa, linalolipwa na linaloadhibiwa, liko wapi? Hiyo ni kanuni, na mchezo husema kwa kanuni zake kabla ya kusema kwa maneno. Mwaka 2007 Ian Bogost, mtaalamu wa Marekani, alikitolea hoja hiyo kitabu kizima, Persuasive Games. Mwaka huohuo Clint Hocking, msanifu wa Kanada, aliukosoa mchezo wa BioShock kwa sababu hadithi yake ilidai jambo moja ilhali kanuni zake zilimzoeza mchezaji jambo jingine. Tunaweza kuuita upungufu huo mfarakano wa kanuni na hadithi.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kitabu ili kulijua hili. Tazama bao la Kiswahili. Kete ni 64, kila mchezaji 32. Mchezo unapoanza kila mmoja hupanga 10 ubaoni na kubakiza 22 za kunamua. Ukila kete za mwenzio huziondoi ubaoni. Unazisambaza upande wako. Hakuna kete inayokufa, kila moja hubadili mwenyewe tu. Wala hakuna mtu anayehubiriwa maana ya jambo hilo, kwani mkono wa mchezaji umekwisha kulielewa. Tunaomba msomaji aushike mfano huu, maana tutauhitaji njiani.

Kizuizi kinachojirudia

Far Cry 2 humweka mchezaji katika nchi ya Kiafrika isiyo na jina, yenye vikundi viwili vinavyopigana, ambamo malipo ni almasi na mgeni mwenyewe anaugua malaria. Msanifu wake mkuu alikuwa Clint Hocking yuleyule, kwa hiyo tunaweza kuamini kwamba uhusiano wa kanuni na hadithi ulifikiriwa. Kasoro iliyolalamikiwa kuliko zote ni vituo vya walinzi njiani. Mchezaji hukishambulia kituo, huwaua wote, huenda zake. Akirudi baada ya muda mfupi hukuta walinzi wengine wamesimama palepale kana kwamba hapajatokea kitu. Wachezaji wengi walichoka, wakasema msanifu amekuwa mvivu.

Kwa msomaji wa Kivu lalamiko hili lina kichekesho. Kizuizi kinachoondolewa asubuhi na kurudi jioni ndicho kitu pekee katika mchezo ule ambacho dereva yeyote wa barabara ya Walikale angekitambua mara moja. Bariyeri haimtegemei mtu aliyeisimamia. Hutegemea barabara yenyewe na ukweli kwamba lazima mzigo upite. Basi kujirudia si kasoro. Kasoro imo katika kitendo pekee anachopewa mchezaji anapofika pale, yaani kupiga risasi. Hasalimii, halipi, haonyeshi karatasi, hajui jina la mtu, hasemi kwamba jana alikwisha kulipa. Hata vikundi vinavyomwajiri humfyatulia risasi akitokea tu, na maelezo yanayotolewa, kwamba kazi zake ni za siri, ni viraka juu ya tundu.

Hapa tunapata funzo la kwanza, nalo ni la kiufundi kabisa. Kitu kinachojirudia hakimchoshi mchezaji kwa kujirudia kwake. Humchosha pale ambapo jibu lake ni lilelile kila mara. Shimo la bao hurudiwa mara mia katika mchezo mmoja na halichoshi, kwa kuwa hesabu ya kete zilizomo hubadilika. Kizuizi chenye njia tano za kukivuka, kila moja na gharama yake, kingeweza kujirudia mara arobaini na mchezaji angali anafikiri.

Jini asiyeulizwa jina

Resident Evil 5 ulifika madukani mwezi Machi 2009. Zogo lilikuwa limeanza tangu 2007, pale filamu fupi ya kuutangaza ilipomwonyesha Mzungu mwenye bunduki akiwaua wanakijiji Waafrika waliopagawa. Mwandishi wa habari N'Gai Croal alikuwa miongoni mwa waliokumbusha kwamba taswira za namna hiyo zina historia yake. Mjadala wa rangi umekwisha kuandikwa sana. Sisi tubaki katika taaluma yetu.

Mchezo umewekwa Kijuju, mahali pa kubuni Afrika ya Magharibi. Wanakijiji walioambukizwa huitwa Majini, nao husema Kiswahili. Kasoro ya kwanza ni ya jiografia, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiona. Orodha ya majina ya viumbe inafurahisha zaidi. Kiumbe kirukacho kinaitwa Kipepeo, na neno ni sahihi. Popo mkubwa wa kutisha anaitwa Popokarimu. Kimofolojia hakuna kosa: karimu ni kivumishi kisichochukua kiambishi cha upatanisho, na popo karimu ni kirai halali. Ila sasa tunaye popo mwenye ukarimu, naye anataka kutuua. Bui Kichwa amekatwa uradidi wake, kwani mdudu ni buibui, kisha akaunganishwa na kichwa bila kihusishi chochote. Mtu alifungua kamusi, na hilo ni jambo la kushukuru. Hakumwuliza msemaji hata mmoja, na hilo limeacha alama. Jina Majini lenyewe ni tata: mchezaji wa Mombasa anaweza kulisoma kama wingi wa jini, au kama maji yenye kiambishi cha mahali.

Hata hivyo makosa ya kamusi ni mambo madogo. Kasoro kubwa ni kwamba katika mchezo huu Kiswahili hakifanyi kazi. Anayekielewa na asiyekielewa huufikia mwisho kwa njia moja na kwa risasi zilezile. Lugha imekuwa kelele ya kupamba woga, kama ngurumo. Linganisha na mchezo uliotangulia katika mfululizo huo, Resident Evil 4 wa mwaka 2005, ambamo maadui husema Kihispania, na wachezaji wanaokijua walipata faida kidogo, kwa kuwa sauti za maadui ziliwaonya juu ya mtu anayewanyemelea kwa nyuma. Huko lugha iligusa kanuni, japo kwa ncha ya kidole.

Kejeli ya jambo hili ni kwamba jini, katika utamaduni ulioikopesha Capcom neno lile, ndiye kiumbe anayeongea kuliko wote. Mganga wa pwani anapompunga mgonjwa humwuliza jini jina lake, ametoka wapi, amekuja kwa sababu gani, anataka nini ili atulie. Jini hujibu, hudai, hupunguziwa, hukubali. Kilingeni pana mapatano. Msanifu aliyetafuta zimwi lisilosemeshwa alikwenda kuliazima jina katika desturi ambayo kazi yake yote ni kulisemesha. Angeiuliza desturi ile angepata mchezo mwingine kabisa, na nathubutu kusema wa kutisha zaidi.

Simu inayosimulia

Tunafika kwenye mchezo ulio karibu zaidi na Bisie, na ambao tunaupenda kuliko ile miwili ingawa kasoro zake ni nzito. Phone Story ulichezwa katika simu ya mkononi, na simu yenyewe ndiyo msimulizi: kwa sauti tulivu inamweleza mwenye nayo jinsi ilivyozaliwa. Masimulizi yana vituo vinne. Cha kwanza ni Kongo, ambako mchezaji anawaelekeza walinzi wenye silaha wawakemee watoto wanaochimba koltani wanapopumzika. Cha pili ni kiwanda cha China, ambako wafanyakazi hujirusha kutoka juu ya jengo na mchezaji huwadaka kwa turubai. Cha tatu ni mbele ya duka, mchezaji akiwarushia simu mpya wanunuzi wanaokuja mbio. Cha nne ni Pakistani, ambako taka za vyombo vya umeme huchambuliwa. Apple iliuondoa katika duka lake mwezi Septemba 2011, muda mfupi baada ya mchezo kutangazwa, ikitaja miongoni mwa sababu uonyeshaji wa watoto wanaoteswa na namna mchezo ulivyoahidi kutoa mapato yake kwa mashirika. Baadaye uliendelea kupatikana katika simu za Android.

Sifa yake lazima itajwe. Kifaa kinachochezewa ndicho kinachoshitakiwa. Mchezaji anataka kushinda, na kushinda ni kumtisha mtoto. Akikataa, mchezo hausongi. Hakuna insha ya kurasa ishirini inayoweza kumweka msomaji mahali pale kwa dakika mbili. Kanuni na hadithi hapa hazina mfarakano hata kidogo.

Kasoro basi iko wapi? Tunaiona katika picha ya Kongo iliyochaguliwa. Mwaka 2010, mmoja kabla ya mchezo huu, Frank Piasecki Poulsen wa Denmark alitoa filamu yake Blood in the Mobile, ambayo alisafiri hadi Bisie na kuingia ndani ya shimo. Filamu ile pia ilikuwa na hoja ya simu na hatia ya mnunuzi. Lakini kamera, hata isipotaka, huona njia, soko, watu wanaobishana. Kituo cha kwanza cha Phone Story hakina soko wala njia. Kina mlinzi, mtoto na jiwe.

Tukumbuke Bisie ilivyokuwa. Jiwe lake lilikuwa kasiteriti, yaani mawe ya bati, ambalo katika simu hutumika kama lehemu ya kushikiza vipande. Koltani ina machimbo yake mashuhuri Rubaya, katika Masisi. Hilo si kosa la mchezo, kwani ulitaja koltani na koltani huchimbwa kweli, ila linaonyesha jinsi neno moja lilivyofunika mkoa mzima. Uchimbaji wa Bisie ulianza mwaka 2002. Kutoka barabarani, Njingala, mtu alikwenda kwa miguu msituni karibu siku mbili. Wapagazi walitoka na magunia ya kilo 50 hivi mgongoni, na kuingia na bia, unga, mafuta na kila kitu kingine, ndiyo maana bei za mgodini zilikuwa mara kadhaa za barabarani. Kutoka Njingala mzigo ulipakiwa magari hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kuu, zikaupeleka Goma kwenye makontwari. Kutoka 2006 hadi 2009 mlima ulikuwa chini ya brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, ambayo askari wake walikuwa Mai-Mai wa zamani. Ilipoondolewa ikafuatwa na vikosi vilivyokuwa na askari wa zamani wa CNDP.

Katika mfumo huo bunduki ilikuwapo, na watu waliteswa; tusilipunguze hilo. Lakini bunduki haikusimama juu ya kila nyundo. Mwenye shimo, aliyeitwa PDG kama mkurugenzi wa kampuni kubwa, aliwalisha wachimbaji wake kwa mkopo hadi mwamba utoe. Mchimbaji akala madeni kabla ya kuona jiwe. Mpagazi alijua njia ina vizuizi vingapi na kila kimoja kinakula kiasi gani. Mfanyabiashara mdogo aliyepandisha bia alikuwa na hesabu yake. Watu walibaki kwa sababu ya deni, ya tamaa, ya ada za shule, ya kukosa mahali pengine pa kulala salama. Msukumo huo ndio ambao kanuni za mchezo zinaweza kuueleza vizuri, na ndio ambao Phone Story haukuugusa. Mtoto wa kituo cha kwanza hana deni, hana hesabu, hana la kusema. Simu inasema, mchezaji anatenda, yeye anapigiwa kelele tu.

Matokeo ya picha hiyo hayakubaki katika michezo. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama madini yao yalitoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wanunuzi walijitenga, na waliopoteza chakula kwanza walikuwa wapagazi na wachimbaji. Mwaka 2014 wataalamu wapatao 70, Wakongomani na wageni, waliandika barua ya wazi wakilalamikia mwelekeo huo. Hatusemi kwamba mchezo wa simu ulileta sheria; ulikuja baada yake. Tunasema kwamba vyote viwili vilitumia kanuni moja, ambamo mtu wa mgodini hana zamu ya kucheza.

Mbele ya askari wa kwanza

Sasa turudi kwenye bao. Tuseme mzigo wa mpagazi ni kete 50. Kwenye kizuizi cha kwanza kete 5 zinahama, hazipotei: zinaingia kwa askari, ambaye kesho atazipanda mahali pengine, labda kwa yuleyule mwuza bia anayemdai mpagazi. Mchezo uliojengwa hivi hauhitaji mlinzi wa kumkemea mtoto ili mchezaji aelewe. Atakapofika Njingala na kuona nani ana kete ngapi, atakuwa amekwisha kuelewa kwa mkono wake. Tena atakuwa ameelewa kwa nini watu walirudi kupanda mlima uleule, jambo ambalo kituo cha kwanza cha Phone Story hakiwezi kulieleza hata kikichezwa mara elfu.

Hapo ndipo lugha inapopata kazi ambayo Capcom iliinyima. Mpagazi anayefika kwenye kizuizi huchagua kwanza jinsi ya kumwita mtu aliye mbele yake. Kumwita askari *mukubwa* ni kumpa cheo ambacho huenda hana, na kwa hiyo kumpandisha bei pia. Kumwita *ndugu* ni kujaribu bahati. *Muzee* yafaa kwa mmoja na kumchukiza mwingine ambaye ana miaka ishirini. Sentensi kama *mukubwa, mutusaidie, tuko na njala* ina nafsi ya wingi hata kama mzigo ni wa mtu mmoja, na wingi huo ni mkakati: unawaleta wenzake wasioonekana. Msanifu asiyeijua Kiswahili cha Kivu ataandika chaguo tatu za Kiswahili sanifu cha redio, na mpagazi wake atasikika kama mtangazaji wa habari aliyebeba gunia.

Lakini kuna tatizo gumu zaidi ambalo bado hatujalipatia ufumbuzi. Lugha ya jeshi la Kongo kwa mapokeo ni Kilingala. Brigedi ya 85 iliundwa na watu waliotoka katika Mai-Mai ya huku, na waliokuja baadaye kutoka CNDP walikuwa watu wa Kiswahili na Kinyarwanda. Ila askari yeyote aliyetumwa kutoka magharibi angeweza kumjibu mpagazi kwa lugha ambayo mpagazi anaisikia nusu. Katika mchezo, je, Kilingala hicho kiandikwe chini ya picha kwa tafsiri, ili mchezaji afanye hesabu akiwa na habari kamili? Au kiachwe bila tafsiri, mchezaji abahatishe kiasi anachodaiwa kwa kutazama vidole vya askari? Njia ya pili ina haki zaidi kwa mpagazi, na hatari yake ni kwamba mchezaji wa mbali ataisikia lugha ya Kiafrika kama kelele kwa mara nyingine, kama alivyoisikia Kijuju. Tunaelekea kuamini kwamba jawabu ni kumfanya mchezaji ajifunze: katika safari ya kwanza asielewe chochote na alipe sana, katika ya tano awe ameshika maneno manane ya Kilingala na bei ianze kushuka.